Linia aljebra mwaka wa kwanza: matriksi nnapiga vizuri, vekta spesi sielewi

mtoto_wa_mkele: Asalaam alaykum jamaa. Nipo mwaka wa kwanza chuo hapa Unguja, nataka kuja kusomesha hesabu skuli. Matriksi, yale majedwali ya namba, sina shida nazo, napunguza safu kwa njia ya Gauss mpaka jibu linatoka. Ila tangu tuingie vekta spesi, yale makundi ya vekta (orodha za namba) unazojumlisha na kuzizidisha kwa namba ukabaki humohumo, nimepotea, lekchara kaandika vekta zinazotegemeana, c1v1 + c2v2 + c3v3 = 0 (v ni vekta, c ni namba za kuzizidishia), mie nakopi tu, nikirudi nyumbani sijui ile sifuri inatafutwa ya nini. Testi wiki ijayo, nisaidieni wallah

bibie_sokoni: Waalaykum salaam mdogo wangu. Hizo c ziweke kando kwanza, twende Darajani. Umenunua maembe 2 na machungwa 3, jumla 2,700, unataka kujua bei ya moja moja. Mwenzako akakwambia yeye kanunua maembe 4 na machungwa 6 kwa 5,400. Kakusaidia? Hajakusaidia kitu, kasema yaleyale mara mbili! Embe laweza kuwa 600 na chungwa 500, au embe 900 na chungwa 300, zote zinaingia. Ndo kutegemeana huko, na ukipunguza kwa Gauss safu ya pili inatoka sifuri tupu. Akija wa tatu kanunua embe 1 na chungwa 1 kwa 1,100 huyo ndo kaleta habari mpya, bei zishajulikana

mwl_wete: Bibie kasema kweli. Ila mwanangu fomula usiiwache, mtihani hauulizi maembe. Isome hivi: ukizichanganya vekta ukapata sifuri na huku c si zote sifuri, basi iko moja inayoundwa na nyengine. Na spani, yaani kote unakoweza kufika kwa kuzichanganya vekta zako, ni hivi, ukitoka Nungwi ukawa unajua kwenda kaskazini na kusini tu, Pemba huifiki, iko kaskazini mashariki. Ongeza mashariki, bahari yote yako.

mtoto_wa_mkele: Shikamoo mwalimu, bibie ahsante sana. Nimejaribu (1,2,3), (4,5,6), (7,8,9), ya tatu ni mara mbili ya ya pili ukitoa ya kwanza, na determinanti, ile namba ya matriksi inayokuwa sifuri safu zikitegemeana, imetoka sifuri kweli! Sasa lile la embe kupanda 300 na chungwa kushuka 200 na 2,700 ikabaki palepale, ndo nali spesi, yaani vekta zote ambazo matriksi inazigeuza sifuri?

mwl_wete: Marahaba. Ndo hiyohiyo. Zidisha (300, -200) kwa namba yoyote uone, jumla haitikisiki.