Plagi za Forester XT ya turbo: nikeli, platinamu au iridiamu? (ulinganisho)

Mpanda_Kitonga (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Subaru Forester XT ya 2004, bodi SG5, injini EJ205 ya turbo, haijaguswa kitu tangu itoke Japani. Plagi za cheche zilizomo ni NGK PFR6G na nadhani zimeshachoka. Nikikanyaga mafuta kwenye mlima wa Kitonga, turbo ikishaanza kusukuma gari linamisi (linakatakata). Nikiachia kidogo linatulia. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) iko vizuri, taa ya injini haijawaka.

Nimeulizia spea na kila muuzaji ana lake. Mmoja anasema BKR7E za nikeli, hizi tunazoziita za kopa. Mwingine anasema nirudishe PFR6G zilezile za platinamu. Wa tatu ananisukumia iridiamu, BKR7EIX au Denso IK20. Bei zinapishana sana, za iridiamu ni mara kadhaa ya zile za kopa.

Safari zangu ni Iringa kwenda Dar na kurudi, familia na mizigo. Sina mpango wa kutyuni (kuongeza nguvu ya injini). Nataka gari lipande mlima bila kusita na plagi zikae. Nichukue ipi, na kwa sababu gani?

---

Gereji_Uyole

Mkuu, kabla ya kuuliza madini, uliza namba. Hapo ndipo injini za turbo zinapoharibikiwa.

Kwenye NGK hiyo 6 au 7 ni uwezo wa plagi kutoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye silinda hedi. Namba ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi, maana yake inatoa joto haraka. Ncha inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi 450 hivi na 850. Chini ya 450 haijisafishi, masizi yanajikusanya hadi umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, na gari linaanza kumisi. Ikivuka 850 ncha yenyewe inakuwa kaa la moto na inawasha mafuta kabla ya wakati wake. Kwenye turbo hilo linatoboa pistoni, na halikupi muda wa kupaki pembeni.

Subaru walifunga 6 kwenye gari lako kwa nguvu ya kiwandani, farasi 220. NGK wenyewe wanashauri kushuka baridi hatua moja kwa kila farasi 75 hadi 100 unazoongeza. Wewe hujaongeza hata mmoja. Sasa hiyo 7 ni ya kazi gani?

Kwa hiyo kwangu BKR7E na BKR7EIX zinatoka kwenye orodha, hata kama moja ni nikeli na nyingine ni iridiamu. Zinabaki PFR6G na IK20, kwa sababu 20 ya Denso ndiyo 6 ya NGK. 22 yao ni 7, na 24 ni 8. Ukitaka iridiamu ya NGK omba BKR6EIX.

---

KopaDaima

Naheshimu hesabu za Gereji_Uyole ila sikubali 7 ifutwe kirahisi hivyo. Injini hizi Japani zilipangwa zinywe hai-oku (petroli yao ya oktani ya juu), ambayo kiwango chake cha chini kisheria kule ni oktani 96 na pampu nyingi zinauza 100. Huku kwetu unajaza unachokikuta. Oktani ikishuka injini inagonga (mafuta yanajilipua yenyewe ndani ya silinda), na kugonga kunaongeza joto ndani ya silinda. Mtu anayepanda Kitonga na mzigo, gia ya tatu, turbo imefunguka dakika nzima, 7 inampa nafasi ya kupumua.

Na nikeli si uchafu. Inashika gepu (nafasi ambayo cheche inaruka) vizuri, unaipanga kwa mkono bila hofu, na bei yake inakuruhusu kubadilisha mara kwa mara. Mimi kila nikibadilisha oili mara ya pili natoa nne na kuweka nne mpya. Gari haijawahi kunisumbua mlimani.

---

Gereji_Uyole

KopaDaima, hoja ya mafuta ni ya kweli na ninaifanyia kazi kila wiki. Lakini kugonga hakuponywi na plagi ya baridi. Kompyuta ya EJ205 inasikia kugonga kwa sensa na inachelewesha cheche; gari linakuwa zito, lakini linajilinda. Dawa ni mafuta bora, intakula (kipozea hewa ya turbo) safi na mguu mwepesi mlimani. Ukifunga 7 kwa mtu ambaye wiki nzima anapeleka watoto shule kilomita mbili asubuhi ya Iringa yenye baridi, nazitoa zimejaa masizi meusi kama chungu cha kuni. Wewe unabadilisha kila oili ya pili, ndiyo maana huyaoni.

Na jina "kopa" linawachanganya watu. Karibu plagi zote, hata za iridiamu, zina shaba katikati ya kiini. Kinachotofautiana ni ncha. Nikeli inayeyuka kwenye nyuzi 1,455, platinamu 1,768, iridiamu 2,446. Ndiyo maana ncha ya nikeli lazima iwe nene, na bado inalika haraka.

---

Westlands_XT

Niingilie kutoka Nairobi, mimi pia niko na XT. Iridiamu ina faida moja ambayo watu hawaitaji: ncha ni nyembamba, 0.6 mm kwa Iridium IX ya NGK na 0.4 kwa Denso Iridium Power. Cheche inaruka kwa volti ndogo zaidi. Gari za 2004 koili zake (zinazoipa plagi umeme) nyingi ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani, zimechoka na joto la miaka 20. Ukiipa koili kama hiyo kazi rahisi, inakaa.

Ila kuna iridiamu na iridiamu. Iridium IX ina iridiamu kwenye ncha ya kati tu; ule mkono wa juu unaopokea cheche ni nikeli ya kawaida, na huo ndio unaolika kwanza. Laser Iridium, ambayo ni ya kiwandani kwa gari nyingi, ina platinamu kwenye huo mkono. PFR6G nayo imewekewa platinamu pande zote mbili, ndiyo maana inavumilia. Kwa hivyo usilipe bei ya IX ukidhani itaishi kuliko PFR6G. Haitaishi.

---

Mpanda_Kitonga

Nashukuru sana, nimeanza kuona njia. Swali: kwa nini inamisi turbo ikisukuma tu, na sailensa haina shida? Na huyo wa iridiamu alinionyesha boksi limeandikwa BKR6EIX-11. Hiyo 11 ndiyo nini?

---

Gereji_Uyole

Hiyo 11 iache dukani, mkuu. Ni gepu ya 1.1 mm, ya injini zisizo na turbo. EJ ya turbo inataka 0.7 hadi 0.8.

Swali lako la kwanza lina jibu hapohapo. Cheche lazima ivuke hewa iliyobanwa. Turbo ikisukuma, hewa ndani ya silinda inakuwa nzito zaidi na inahitaji volti kubwa zaidi kuvukwa. Plagi iliyolika gepu yake imepanuka. Kwenye sailensa hewa ni kidogo, cheche inavuka. Mlimani koili inafika mwisho wa uwezo wake, cheche inazimika, mafuta ya silinda ile yanatoka bila kuwaka. Ukiziendesha hivyo kwa muda mrefu utaua koili, kisha katalaiza (kisafisha moshi).

Zikitoka, pima kwa filagegi (vibamba vya kupimia nafasi). Nina hakika hutakuta 0.8.

Kwa nikeli unaweza kuipanga gepu kwa kugonga mkono wa juu taratibu. Kwa platinamu na iridiamu usiingize bisibisi katikati ukakaza; ncha inakatika au ule kauri unapasuka na hutauona ufa. Ukikuta haiko kwenye kipimo, mrudishie muuzaji.

---

Dada_GTI

Naomba niongeze kwa wenye gari za Ujerumani wanaosoma hapa. Namba za Bosch zinakwenda kinyume na za NGK: ndogo ndiyo ya baridi. FR5 ni ya baridi kuliko FR7. Fundi aliyezoea NGK anaweza kukuwekea plagi ya moto kwenye turbo akiamini amekuwekea ya baridi. Golf GTI yangu ya TSI inatumia NGK PFR7S8EG, na nilipokosa hizo niligoma kufungiwa "inayofanana". Champion nao wako upande wa Bosch.

---

Mtaa_wa_Spea

Kuhusu feki, maana Kariakoo na Kirinyaga Road zote zipo na boksi siku hizi linaigizwa vizuri kuliko plagi yenyewe. Shika plagi mkononi. Washa (pete ya chuma) ya chini kwenye NGK orijino imebanwa, inazunguka lakini haitoki. Feki nyingi unaivua kwa vidole kama pete. Maandishi kwenye kauri yawe makali, hayafutiki kwa kucha. Nyuzi za kufungia ziwe laini bila vinyweleo vya chuma. Kwa iridiamu tazama ncha kwa juu: iwe katikati kabisa na mkono usimame sawasawa juu yake. Nimeziona nne kutoka boksi moja, kila moja na gepu yake, na moja ncha imelala upande. Hizo hata bure usifunge.

---

Mpanda_Kitonga

Wakuu, mrejesho. Leo fundi amezitoa injini ikiwa ya baridi. Ametoa betri na chupa ya maji ya waipa upande mmoja, boksi la chujio la hewa upande wa pili, akatumia ekstensheni fupi mbili maana plagi zinatazama chasisi na nafasi ni ya ngumi moja.

Gepu: tatu zimevuka 1.0 mm. Ncha zina rangi ya kijivu cha udongo. Ile ya silinda namba 4 ilitoka imelowa oili kwa nje, kwenye kauri jeupe hadi mpira wa koili, lakini ncha yake ni kavu kama zingine. Nimenunua PFR6G. Nifunge au nisubiri?

---

Gereji_Uyole

Kijivu hicho ni kizuri. Kingekuwa cheupe chenye vidoa vya kung'aa ningekwambia usiwashe gari. Vidoa hivyo huwa ni alumini ya pistoni.

Oili kwa nje na ncha kavu maana yake haitoki kwenye ringi za pistoni. Ni sili ya mrija wa plagi ndani ya tapeti kava (mfuniko wa valvu). Badilisha sili zote na gasketi ya tapeti kava upande huo, safisha mpira wa koili au uweke mwingine, ndipo ufunge plagi. Oili inalainisha mpira na umeme unatoroka pembeni, hata plagi ikiwa mpya.

Kufunga: anza kwa mkono na ekstensheni tu, bila rachi, hadi washa iguse. Kisha spana ya toki, nyutoni mita 21. Usipake grisi kwenye nyuzi. NGK wanazifunika kwa tabaka maalumu la chuma, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi kwenye alumini.

---

KopaDaima

Sili hizo kwenye boksa (injini hizi za Subaru zenye silinda zilizolala) ni ugonjwa wa kawaida, afadhali umeuona mapema. Kwa matumizi yako PFR6G ni sawa, nakubali. Siku ukityuni, rudi tuzungumze 7.

---

SG9_Arusha

Nimefuatilia mwanzo mwisho. Yangu ni Forester ya lita 2.5, na jirani ana Subaru WRX STI ya 2008. Tunaweza kuagiza PFR6G pamoja tupate bei ya jumla?

---

Westlands_XT

Usiagize kwa kudhani. STI ya 2008 inatumia SILFR6A, ambayo uzi wake una urefu wa 26.5 mm. PFR6G ni 19. Ukifunga fupi kwenye hedi ya ndefu, ncha inabaki imejificha ndani ya tundu na nyuzi za chini zinajaa kaboni. Ndefu kwenye hedi ya fupi inaweza kukutana na pistoni. Toa moja kutoka kila gari, soma namba iliyo kwenye kauri, kisha agiza.