Kundi la ukoo: Herode, Kirenio na mistari 12 ya mwisho ya Marko

Neema: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo. Jamani nina swali linanisumbua toka jana usiku. Ibada ya krismasi nimepangiwa kusoma Luka 2, nikasema ngoja nipitie na Mathayo 2 nijiandae vizuri. Sasa Mathayo anasema Yesu alizaliwa zamani za mfalme Herode. Luka anasema ni wakati wa kuandikwa orodha, Kirenio akiwa liwali wa Shamu (Siria). Nikaangalia historia nakuta Herode kafa mwaka 4 kabla ya Kristo, alafu Kirenio kaja Shamu mwaka 6 baada ya Kristo. Hapo kati ni kama miaka 10. Zote mbili zinakuwaje kweli?

Elia: Hata mi nilishawahi kuuliza hiyo kwenye kipindi cha vijana, nikaambiwa nikemee roho ya mashaka. Swali lenyewe halikujibiwa mpaka leo

Shangazi: Marahaba Neema. Mwanangu haya mambo ya kuchimbachimba ndo yanamaliza imani ya vijana. Kila andiko lina pumzi ya Mungu, 2 Timotheo 3:16. Hao wanahistoria leo wanasema hivi kesho vile, Neno halibadiliki. Wewe soma kwa imani, watu watabarikiwa. Yesu mwenyewe alisema ishara hizi zitafuatana na hao waaminio, Marko 16:17, hakusema zitafuatana na wanaohesabu miaka. 🙏

Baba Mdogo: Dada shikamoo. Neema marahaba. Swali la Neema ni swali zuri na mimi sitaki limalizwe kwa kukemewa, nimefundisha historia mpaka nimestaafu na mtoto akiuliza kitu cha kweli anajibiwa. Neema umesoma sawasawa. Habari hii tunaipata kwa Yosefo, Myahudi, kuhani wa Yerusalemu aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1. Herode alipokufa ufalme wake waligawana wanawe, Arkelao akapata Uyahudi na Antipa akapata Galilaya. Arkelao akatawala vibaya mpaka mwaka 6 Kaisari Augusto wa Roma akamwondoa akamhamishia Gaul, ambako leo ni Ufaransa, na Uyahudi ikawekwa chini ya Roma moja kwa moja. Sasa ndipo Kirenio akatumwa kuandikisha watu na mali zao ili Roma ijue itatoza kodi kiasi gani. Ona sababu yake, uandikishaji ule ulikuja KWA SABABU Arkelao ameondolewa, na Arkelao alirithi kwa sababu Herode amekufa. Huwezi kuuchukua ukaurudisha nyuma ukauweka Herode akiwa hai.

Baba Mdogo: Na tena Yusufu alikaa Nazareti, Galilaya, kwa Antipa. Uandikishaji wa Kirenio ulihusu Uyahudi, Galilaya haikuwamo

Neema: Kwahiyo Luka ndo kakosea sio Mathayo?

Baba Mdogo: Mimi naona hivyo. Halafu soma Luka 1:5, yeye mwenyewe anaanza na "zamani za Herode, mfalme wa Uyahudi", malaika anamjia Zakaria, miezi sita baadaye anamjia Mariamu. Kwa hiyo tatizo liko ndani ya Luka mwenyewe hata ukimweka Mathayo pembeni.

Yona: Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Nimetoka darasani ndo naona. Chuoni kwetu kuna wanaosema Kirenio alikuwa liwali wa Shamu mara mbili, ya kwanza ikiwa enzi za Herode. Wanatumia lile jiwe lililopatikana Tivoli karibu na Roma, linamtaja mtu aliyeshika Shamu mara mbili

Baba Mdogo: Marahaba mjomba. Jiwe nalijua. Jina la mtu limevunjika halipo, kwa hiyo Kirenio hapo anawekwa na wasomaji, jiwe halimtaji. Na maliwali wa Shamu wa miaka ya mwisho ya Herode tunawajua, alikuwepo Saturninus kisha Varus, na huyo Varus ndiye aliyezima fujo baada ya Herode kufa. Nafasi ya kumchomeka Kirenio pale iko wapi?

Yona: Ni kweli mjomba, hata mwalimu wetu alituambia hoja hiyo haina miguu. Ila aliongeza kitu kingine. Luka huyo huyo kwenye Matendo 5:37 anamtaja Yuda Mgalilaya aliyeinuka siku za kuandikwa orodha, na Yosefo anasema Yuda aliinuka kwa sababu ya uandikishaji wa Kirenio. Yani Luka alijua kabisa kuna uandikishaji mkubwa uliowatikisa watu, akaufunga na kuzaliwa kwa Yesu

Shangazi: Sasa mnataka kuniambia Luka ni mwongo? Mtu aliyeandika injili? Sema wazi mdogo wangu tukusikie.

Baba Mdogo: Hapana dada. Mwongo ni anayejua ukweli akausema vingine, na hilo silioni kwa Luka. Mambo mengi ameyapata vizuri ajabu. Matendo 18 anamtaja Galio liwali wa Akaya, na kule Delphi Ugiriki limepatikana andiko la jiwe linalomtaja Galio na kumweka karibu na mwaka 51 au 52. Cheo anachowapa wakubwa wa mji wa Thesalonike, watu walisema kakitunga, baadaye kikakutwa kimechongwa kwenye mawe ya kule kule. Pilato pia, mwaka 1961 Waitaliano wakichimba Kaisaria walikuta jiwe lenye jina lake na cheo chake. Ninachosema mimi ni kwamba kila habari ipimwe yenyewe. Jiwe la Pilato linathibitisha Pilato alikuwepo, haliwezi kuthibitisha tarehe ya Kirenio.

Elia: Niko hapa na Babu nimemsomea zote, anasema niandike hivi: "Mimi mama yangu alisema nilizaliwa mwaka wa nzige. Shangazi yangu akasema hapana ni mwaka wa njaa, nzige walikuja nyuma yake. Wamekufa wote hawajakubaliana na mimi nipo nimekaa hapa. Mwacheni mtoto aulize."

Neema: Asante sana Babu 🙏🙏

Shangazi: Baba shikamoo. Sijamkataza kuuliza. Ninachoogopa ni hiki, ukianza kutoa uzi mmoja kesho unatoa mwingine, mwisho vijana wanabaki hawana kitu. Leo Kirenio, kesho watasema hata ufufuo haukuwepo.

Baba Mdogo: Hofu yako naielewa dada na siichukulii kirahisi. Lakini nimewaona vijana wangapi wameondoka kanisani, na hawakuondoka kwa sababu ya Kirenio, waliondoka kwa sababu waliuliza wakaona wakubwa wanakasirika, wakajua kuna kitu kinafichwa. Na kwa kuwa umetaja Marko 16:17, niseme, maana hapo ndipo panaponiuma zaidi kuliko tarehe za Herode. Mistari ile, kuanzia wa 9 mpaka wa 20, Marko hakuiandika.

Shangazi: Unasema????

Mama Mkubwa: Eh shemeji, hiyo mbona hatujawahi kuisikia

Baba Mdogo: Yona waeleze mwenyewe, msione natunga

Yona: Ni kweli mama. Nakala mbili kubwa za zamani zaidi za Biblia ya Kiyunani, zote za karne ya 4, ni ile ya Vatikani na ile inayoitwa Codex Sinaiticus. Zote mbili Marko inaishia mstari wa 8, wanawake wanakimbia kutoka kaburini na hawakumwambia mtu neno "maana waliogopa". Basi. Eusebio wa Kaisaria, huyu ni askofu mkubwa wa karne hiyo hiyo ya 4, aliandika kwamba nakala sahihi zinaishia hapo hapo. Na Biblia nyingi za siku hizi mistari hiyo wameiweka kwenye mabano au chini ya ukurasa kuna maelezo kwa herufi ndogo. Watu hatusomi ya chini ya ukurasa

Neema: Hiyo ya Sinai ilipatikana wapi

Yona: Monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai, Misri. Mjerumani mmoja, Tischendorf, alifika kule 1844 akaondoka na karatasi 43, akarudi tena, mwaka 1859 akaondoka na sehemu kubwa ikaenda kwa mfalme wa Urusi Alexander II. Baadaye serikali ya Kisovieti ikawauzia Waingereza mwaka 1933 kwa pauni 100,000. Watawa mpaka leo wanasema iliondoka kwao isivyo halali. Na 1975 kurasa nyingine zikapatikana hapo hapo monasteri. Picha zake zipo kwenye intaneti toka 2009, mtu yeyote anaangalia bure, unaona kabisa Marko inaisha alafu inafuata nafasi tupu alafu Luka inaanza

Yona: Ila mjomba na upande wa pili tuuseme. Irenayo askofu wa Lyon, mwaka kama 180, anaunukuu mstari wa 19 na anasema ni wa mwisho wa Marko. Hiyo ni zaidi ya miaka 100 kabla ya nakala hizo mbili. Na nakala nyingi sana za Kiyunani zinayo mistari hiyo

Shangazi: Ehee! Umeona sasa. Mwaka 180! Kwa nini hilo hukulisema mwanzo?

Baba Mdogo: Nalikubali kabisa dada, mistari ni ya zamani, karne ya 2 ilikuwepo tayari. Ila kuwa ya zamani haiifanyi kuwa ya Marko. Ipo nakala yenye mwisho mwingine mfupi, wa sentensi chache tu, na zipo zenye miisho yote miwili imefuatana. Kama mwisho wa Marko ulikuwa unajulikana, kwa nini watu walitunga miisho mbalimbali? Watu waliona kitabu kimeishia kwenye hofu, kila mahali wakajaribu kukimalizia. Usinisikilize mimi wala Eusebio, fungua Biblia yako sasa hivi usome sura ya 16 mstari wa 1 halafu uruke mpaka wa 9. Mstari wa 1 Mariamu Magdalene yupo, anajulikana, ananunua manukato na wenzake. Mstari wa 9 anatambulishwa upya kama mgeni, "ambaye kwamba alimtoa pepo saba". Mwandishi yupi anamtambulisha mtu ambaye amekuwa naye toka mwanzo wa sura?

Elia: Daaah nimesoma. Ni kweli

Baba Mdogo: Na kwa nini inaniuma. Mstari wa 18, "watashika nyoka; hata wakinywa kitu cha kufisha, hakitawadhuru kabisa". Marekani, kwenye milima ya Appalachia, kuna makanisa yanashika nyoka wa sumu ibadani kwa mstari huo. Aliyeueneza sana utaratibu huo, George Hensley, nyoka alimuua mwaka 1955. Mwaka 2014 mchungaji mwingine wa Kentucky, Jamie Coots, aliumwa ibadani, akakataa matibabu, akafa. Watu wamekufa kwa mstari ambao Marko hakuandika, na wachungaji waliosomea jambo hili wanajua, limo kwenye vitabu vyao vya chuo. Kwa nini muumini wa kawaida asiambiwe?

Mama Mkubwa: Mimi niseme kitu ambacho sijawahi kusema humu. Mama yangu, Mungu ampumzishe, alikuwa na presha mnajua. Alikuja mhubiri mmoja pale mtaani akamsomea mstari huo huo, mwisho wake, wataweka mikono yao juu ya wagonjwa nao watapata afya, akamwambia ukiendelea na vidonge unaonyesha huna imani. Akaacha vidonge. Tulijua ameviacha siku alipoanguka. Mimi mpaka leo nilikuwa najua ni Neno la Yesu sina la kulijibu, nikawa najilaumu mimi imani yangu ndogo, namlaumu na yeye. Kumbe hata haijulikani nani aliandika

Neema: Pole sana mama mkubwa 😢

Elia: Pole mama mkubwa. Hatukujua

Shangazi: Wifi pole. Sikujua kabisa kama ndivyo ilivyokuwa, tulizika tukijua ni presha tu.

Baba Mdogo: Pole sana shemeji. Na huyo mhubiri hata kama mistari ingekuwa ya Marko, hakuna mahali imeandikwa aache dawa.

Shangazi: Nimesoma mstari wa 1 na wa 9. Nimerudia na miwani. Sikatai ulichokisema kuhusu Mariamu, ni kweli anatajwa kama mtu mpya. Lakini Kristo alifufuka, hilo msinitoe.

Baba Mdogo: Sikutoi dada. Mstari wa 6, "amefufuka, hayupo hapa", uko ndani ya sehemu ambayo nakala zote hizo zinayo. Na Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anaandika habari hiyo kabla Marko hajaandikwa, miaka ya 50 hivi, anataja Kefa, yaani Petro, na Yakobo watu ambao alionana nao uso kwa uso. Historia inafika pale, kwamba watu hao mapema kabisa walisema wamemwona. Zaidi ya hapo kila mtu na imani yake. Mimi yangu ipo.

Yona: Mama hata mimi nilipofundishwa haya mwaka wa kwanza sikulala. Nilitaka kukupigia nikaogopa utalia. Sikuacha kusali ila nilikaa nayo peke yangu muda mrefu

Shangazi: Ungenipigia Yona. Ningelia lakini ungenipigia.

Neema: Sasa na mimi Luka 2 nifanyeje? Niombe wanibadilishie?

Baba Mdogo: Usiombe. Soma kama ilivyo, na Kirenio wake umsome kwa sauti. Ibada sio mahali pa kusahihisha Luka. Ila baada ya ibada vijana wanabaki, hapo ndipo pa kulisema. Nitumie namba ya mwalimu wenu wa vijana nimwombe nusu saa, na Yona akiwa likizo aje na hizo picha za Sinai.

Elia: Mi naomba na ile ya mwanamke aliyefumaniwa Yohana 8 iwepo, Yona aliwahi kuniambia nayo haimo kwenye zile za zamani

Yona: Haimo kwenye Sinai wala Vatikani, na kuna nakala zimeiweka kwenye Luka. Nitakuja nayo

Shangazi: Nami nitakuwepo hiyo nusu saa na nitasema ninachoamini, msifikiri nitakaa kimya. Kirenio bado sijakubali, nitakwenda kumuuliza mchungaji na hiyo habari ya Arkelao nitamwandikia kwenye karatasi. Lakini mgonjwa sitamsomea tena Marko 16:18. Nitamsomea Yakobo 5 na nitamuuliza dawa kanywa saa ngapi.

Mama Mkubwa: Asante wifi

Neema: Ba mdogo namba nimekutumia inboksi