Nimeambiwa nibadilishe alama zangu zifanane na za mwenzangu

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka.

Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, najitolea kama msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya saikolojia ya watoto. Malipo hakuna, na hilo nililikubali mwenyewe, silililii.

Kazi ni kutazama video za watoto wa miezi 10 waliopakatwa na mama zao mbele ya skrini, na kuweka alama fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya video: anatazama skrini, au kageuka. Sekunde moja ina fremu 30, kwa hiyo dakika 5 tu ni fremu 9,000. Sauti unazima, na hutakiwi kujua mtoto anaonyeshwa nini, usije ukaona unachotaka kukiona. Macho yanawasha, shingo inakakamaa, ila nilikuwa naipenda.

Sasa, baadhi ya video hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, ndipo alama zilinganishwe. Zangu na za mwenzangu zimegoma kulingana. Badala ya kutuita tukae tuone kosa liko wapi, msimamizi kanitumia jedwali la mwenzangu: "Pitia upya, uone zinavyotakiwa ziwe."

Zinavyotakiwa na nani?

Nilipomfuata akasema mbona tumepatana asilimia 82, ni kusogeza kidogo tu. Jamani! Watoto hawa hutazama skrini karibu asilimia 90 ya muda. Watu wawili wakiandika "anatazama" kwa kiwango hicho huku wamefumba macho, watapatana asilimia 82 kwa bahati tu! Ndiyo sababu mwanasaikolojia Jacob Cohen alileta kipimo cha kapa mwaka 1960, kiondoe huko kupatana kwa bahati. Kapa yetu iko karibu na sifuri, yaani ni kama tumebahatisha tu. Anajua, yeye ndiye aliyenifundisha kuikokotoa.

Kisha akagusia barua yangu ya mapendekezo. Kwa upole kabisa, kama vile ni mazungumzo mengine.

Mimi ndiye niliyewapigia simu wale kina mama. Mmoja aliniuliza kabla ya kusaini ridhaa kama kweli haya yatasaidia watoto wengine. Nikamwambia ndiyo.

Sijabadilisha hata fremu moja, na jedwali langu la kwanza nimelihifadhi. Aliyewahi kwenda kamati ya maadili ya utafiti akiwa bado mwanafunzi, naomba aniambie alianzia kwa nani.