Kumwita mtoto Stanley: asili ya jina na utaratibu wa kuliandikisha

Dada yangu,

Hongera kwa kujaliwa mtoto wa kiume. Umeniandikia kwamba mnataka kumwita Stanley, kwa jina la babu yake, na wazee wenu wa Kisangani wanasita. Wana haki ya kusita juu ya jina hilo, kwani mji wao uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, na msafiri aliyetukuzwa kwa jina hilo, Henry Morton Stanley, ndiye aliyemfungulia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji njia ya kuitwaa Kongo. Hata hivyo, jina ni la kale kuliko yeye, wala hakuzaliwa nalo: alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, na Stanley alijiita baadaye huko Marekani, kwa kufuata jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans.

Katika Kiingereza cha kale, “stan” ni jiwe na “leah” ni mahali palipofyekwa msituni, na ndiyo maana vijiji kadhaa vya Uingereza, kikiwemo kimoja cha Staffordshire, viliitwa Stanley kutokana na ardhi yao ya mawemawe. Kipande hicho cha mwisho, ambacho sasa huandikwa “ley”, kimo pia katika Ashley na Bradley. Wenye ardhi walichukua jina la mahali likawa la ukoo, na ukoo huo ukapanda cheo hata Thomas Stanley akapewa cheo cha kikabaila cha Earl wa Derby mwaka 1485. Kuwapa wavulana jina hilo kama jina la kwanza kulienea hasa katika karne ya 19. Kenya wapo akina Stanley wengi waliolirithi kwa babu zao, kama mnavyotaka kufanya nyinyi, nami naona kumheshimu babu aliyewalea ni sababu ya kutosha.

Kwa kuwa mnaishi Leeds, Uingereza, mnatakiwa kuandikisha kizazi ndani ya siku 42, na sheria inaruhusu jina la kwanza libadilishwe ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa. Kwa hiyo mna nafasi ya kuzungumza na wazee bila kukimbizana. Jina la pili la nyumbani, watakalolichagua wao, lingewaridhisha. Lakini Stanley ni jina la ukoo pia, na karani aweza kuyachanganya. Mwonyesheni waziwazi lipi ni la ukoo, kisha mhakiki kila herufi kabla ya kutia saini, kwa sababu kosa lililokwisha kuingia katika daftari husahihishwa kwa maombi, vielelezo na ada.