Katuni ya Star Trek ya 1973: acheni kusingizia michoro, wahusika waliuliwa na ubahili kwenye sauti

Wakuu, nimechoka na huu utetezi. Kila tukiigusa katuni ya Star Trek, ile iliyotokana na tamthilia ya chombo cha anga Enterprise, ikaanza kurushwa na NBC ya Marekani Septemba 1973, lazima atokee mtu na wimbo uleule: michoro ya studio ya Filmation ilikuwa duni, bajeti ndogo, tuwaonee huruma. Michoro mimi naisamehe. Wamerudia picha zilezile kila wiki, sura imeganda, mdomo tu ndio unaocheza, sawa. Sasa sura ikiganda, mhusika anabakiwa na nini zaidi ya sauti? Na huko huko kwenye sauti ndiko walikopitisha panga.

Walter Koenig, aliyecheza Chekov kwenye tamthilia, akakatwa, mhusika wake hayumo kabisa, eti pesa haitoshi. Mpango wa mwanzo ulikuwa mbaya zaidi: Nichelle Nichols na George Takei nao wasiitwe, wahusika wao Uhura na Sulu wasemewe na waigizaji wenzao, Majel Barrett na James Doohan. Ikabidi Leonard Nimoy, yaani Spock mwenyewe, agome, kwamba bila wale wawili naye hayumo. Yaani mwigizaji ndiye awafundishe wenye mradi kwamba Uhura ni Nichols! Hilo linanichoma mpaka leo.

Kiti cha Chekov akapewa Arex, kiumbe wa mikono mitatu na miguu mitatu. Wazo zuri mno, ndiyo raha ya katuni, maana kwa kamera za miaka ile kiumbe wa namna hiyo angekuwa kazi ngumu. Halafu wakamfanyia nini? Anakaa kwenye usukani, anataja mwelekeo, anaitikia amri, basi. Sehemu 22 zinakwisha hujui anampenda nani wala anaogopa nini. Sauti yake ni Doohan, ambaye tayari ni mhandisi Scotty, na ambaye pia ni nusu ya wageni wanaokutana na chombo njiani. Doohan ni fundi, simvunjii heshima. Lakini mtu mmoja ukimtwisha umati mzima, sikio litamshtukia tu. Barrett naye hivyohivyo: nesi Chapel yeye, afisa M'Ress mwenye sura ya paka yeye, kompyuta ya chombo yeye.

Kuna na hili la kurekodi. Mwanzoni waliingia studio pamoja, baadaye kila mtu kivyake, tepu zinaunganishwa. Sikilizeni Spock na daktari McCoy wanavyobishana humo. Mmoja anamaliza, kimya, ndipo mwingine anaanza. Hakuna anayemdakia mwenzake, hakuna anayepandisha. Ugomvi wa wale wawili ulikuwa roho ya Star Trek, jamani.

Na msiniletee habari za "ni kipindi cha watoto, Jumamosi asubuhi". Sehemu ya "Yesteryear", iliyoandikwa na D. C. Fontana, ni katuni hiyohiyo, studio hiyohiyo. Spock anarudi utotoni kwake, sayari ya Vulcan, mnyama wake I-Chaya anajeruhiwa kwa sumu, mtoto anavuka jangwa usiku kumfuata mganga. Mganga anamwambia mnyama anaweza kuongezewa siku, ila za maumivu. Mtoto anaamua aachwe afe kwa amani. Sarek, baba yake Spock, humo ni Mark Lenard mwenyewe, aliyemcheza kwenye tamthilia, hawakumbandika mtu mwingine. Michoro ni ileile mnayoilaumu, na bado koo linakukaba. Walijua kufanya!

Uhura je? Kwenye "The Lorelei Signal" wanaume wamerogwa, anashika uongozi wa Enterprise, na Nichols anatoa amri kwa sauti iliyotulia, hana wasiwasi hata chembe. Wiki inayofuata karudishwa kwenye mawasiliano kama vile hakuna kilichotokea.

Mkitaka kunijibu kwa ile tuzo ya Emmy ambayo katuni hii ilipata 1975, iacheni huko huko. Nileteeni sehemu moja tu ambayo Arex anasema jambo linalomhusu yeye mwenyewe, likabadilisha kisa. Taja jina la sehemu, nitaitazama usiku huu huu.