Simu ya kioo kilichopinda inajibonyeza nikiishika, wenzangu mnafanyaje?

Bi_Nguru:
Habari za jioni jamani. Nauza samaki pale Deep Sea, Tanga. Mwanangu kaniletea simu kubwa kutoka Dar, nzuri wallahi, kioo kimejikunja kulia na kushoto. Tabu ni kuishika. Mkono mmoja una samaki, huu wa pili ndio unaoikamata, basi ile nyama ya chini ya kidole gumba inalalia kioo na mambo yanaanza kujifungua yenyewe. Juzi namwandikia mteja wa Chumbageni bei, ujumbe ukaondoka haujaisha: "Changu kilo ni elfu". Kanijibu, "Kama ni elfu moja nifungie ndoo nzima." Mkono ukiwa na maji ndiyo kabisa, kioo kinaruka huku na huku. Na ikiwa mkobani inapigia watu. Kitochi changu nilikibonyeza na magamba mkononi na kikatii. Kuna mahali pa kurekebisha, au niiuze? Kuiuza naona haya, mtoto kajinyima.

Mzee_wa_Sahare:
Rudi kwenye kitochi dada, hiyo simu mpe mjukuu achezee gemu.

Fundi_Ngamiani:
Shikamoo Bi mkubwa. Usiiuze kwanza.

Kitochi kinataka nguvu ya kidole. Hiki kioo hakijali nguvu, kinasikia umeme. Chini yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana, zimepishana kama wavu wa dagaa, zina chaji kidogo. Ngozi ikikaribia, chaji inabadilika pale pale, simu inajua umegusa wapi. Sasa kiganja nacho ni ngozi. Programu ndiyo inayokisia: doa kubwa lililotulia ukingoni ni mshiko, doa dogo lililogusa likaondoka ni bonyezo. Apple walipopunguza fremu za pembeni kwenye iPad mini mwaka 2012 walitegemea makisio hayo hayo, tableti ipuuze gumba lililopumzika. Ila kioo kikijikunja, nyama ya kiganja inagusa kipande chembamba tu, na kila ukihamisha mkono inaachia na kugusa tena. Hapo ndipo programu inapodanganyika.

Maji ya bahari yana chumvi, yanapitisha umeme vizuri, tone linaweza kusomeka kama kidole. Hilo simu nyingi hazina mpangilio wa kulitibu, weka kitambaa kikavu cha pamba kiunoni.

La mkobani ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio, upande wa skrini, simu nyingi zina sehemu ya kuzuia miguso ya bahati mbaya. Ukiiwasha, simu ikijiona iko gizani inakataa kuguswa. Lakini watu wanaiwasha wakidhani itawasaidia na kiganja. Mchana kweupe pale sokoni haifanyi lolote. Zima pia ile ya kugusa mara mbili ili kioo kiwake.

Binti_Raskazone:
Na wala tatizo si mkono wako Bi Nguru. Samsung walianza na Note Edge 2014, ukingo mmoja umepinda, 2015 ikaja S6 edge imepinda pande zote mbili, na kampuni nyingine zikafuata. Kufika 2024, S24 Ultra ikatoka na kioo bapa. Mimi naona simu hizi zimechorwa kwa ajili ya kulala kwenye kabati la duka. Mtu anayeishika siku nzima hakuulizwa.

Bi_Nguru:
Marahaba fundi. Ya mkobani nimeizima na kuwasha kama ulivyosema, mjukuu kanionyesha. Sasa huu mshiko? Kava ninayo, ile laini inayoonyesha ndani.

Fundi_Ngamiani:
Hiyo ndiyo haifai. Kava za simu zilizopinda nyingi zimekatwa chini pembeni ili ule mkunjo uonekane, kwa hiyo mkono unabaki juu ya kioo. Unataka ya mpira mgumu yenye mdomo ulionyanyuka. Na pete ya kubandika mgongoni: kidole kikiingia pale, simu inakaa juu ya vidole na kiganja hakilalii kioo. Usimtume mtoto kukununulia, njoo mwenyewe Barabara ya 12 na simu yako. Nataka nikuone unavyoishika kabla sijabandika, pete ikikaa chini sana gumba halifiki juu.