Tupeane uzoefu: Usingizi ulikata kwanza, au moyo ndio ulianza kuwa mzito?

Wakuu, naanza mimi. Mwaka jana, miezi kama mitatu mfululizo, nilikuwa nashtuka saa tisa na nusu usiku kama niliyetegewa alamu. Feni inazunguka, mwadhini bado, nami macho juu nahesabu madeni hadi kunakucha. Mchana chakula hakipandi, watoto wakicheka nakereka. Nikadhani ni mawazo tu. Daktari akauliza: unachelewa kusinzia, au unaamka mapema na hulali tena? Kumbe hiyo ya pili ni dalili mojawapo ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kwenu ilikuwaje?

#2
Pole mkuu. Mimi kinyume chake, nilikuwa nalala hata saa 14 na naamka hoi kama nimeshinda nabeba zege. Nyumbani nikaitwa mvivu. Nayo ilikuwa sonona.

#3
Mdogo wangu ana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Tulikuwa na msiba, akakesha siku tatu kupokea wageni. Baada ya hapo akawa analala kwa muda wa saa mbili tu, na asubuhi ndiye mchangamfu kuliko wote. Tukafurahi, maana kabla ya hapo alikuwa kimya miezi. Usiku mmoja saa nane nasikia vyombo vinagongana: ameosha vyote, sasa anapaka ukuta wa sebule rangi iliyobaki ya geti, huku ananipigia hesabu za kufuga kuku elfu kumi. Anayekosa usingizi huutamani. Yeye hakuutaka kabisa, wala hakuchoka. Hapo ndipo tungeshtuka mapema. Siku hizi akikosa usingizi siku mbili tunampigia daktari wake, hatungoji ya tatu.

#4
Mimi shifti za usiku ziliniponza, nikawa nanunua diazepamu, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, duka la dawa bila cheti. Mwanzo kidonge kimoja, mwisho silali bila viwili. Kuacha ghafla ni hatari, mimi nilipunguziwa taratibu na daktari.

#5
Mimi niliambiwa nikikosa usingizi nitoke kitandani, nikae kwenye kiti hadi usingizi unirudie, na niamke saa ileile hata Jumapili. Wiki ya kwanza ni adhabu, wakuu. Ya nne nikaanza kucheka tena.

#1
@3, ile rangi ya geti bado ipo ukutani?

#3
Ipo. Mwenyewe amekataa tuifunike.